Inua Jamii na walezi wa nyumbani wakati maisha yamepanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila baraza la chifu linapotawanyika, watu wakibaki chini ya mwembe na karatasi mikononi: nani amepewa, nani amerukwa, na mbona pesa ni zile zile ilhali bei si zile zile. Majibu yameandikwa kwa ajili ya yule anayeamka saa nane za usiku kumgeuza mgonjwa. Afisa akiyasoma, karibu. Tunazungumzia Kenya; Tanzania na ughaibuni zina maswali yao mwishoni.

### Mambo ya msingi

1. "Pesa za wazee", "pesa za mayatima" na Inua Jamii, ni kitu kimoja?

Inua Jamii ni jina la jumla la pesa za msaada ambazo serikali ya Kenya huwapa wasiojiweza. Ndani yake mna mipango mitatu, kila mmoja na mlango wake. Wa mayatima na watoto walio katika hali ngumu ndio mkubwa kwa umri: ulianza kwa majaribio mwaka 2004 huko Kwale, Garissa na Nairobi, wakati UKIMWI ulikuwa umewaachia mabibi na mababu wajukuu wa kulea upya. Wa wazee ulifuata miaka michache baadaye, na wa watu wenye ulemavu mkubwa ukaanza mwaka 2011. Upo na mpango wa kaskazini wenye jina lake na viwango vyake; huo tazama swali la 12.

Ni vizuri kujua ni mlango upi unaougonga, kwa sababu afisa atakuuliza. Ukimjibu "zile pesa za serikali" utarudishwa nyumbani ukafikirie.

2. Je, serikali inanilipa mimi mlezi kwa kazi ninayofanya?

Hapana. Tulimalize hili mapema kwa sababu ndilo linalozaa ugomvi mwingi majumbani. Pesa ni za yule unayemlea. Wewe kwenye fomu ni mkono wa kupokelea.

Kenya haina malipo ya mlezi wa nyumbani. Takwimu za serikali yenyewe, zilizokusanywa mwaka 2021 na Shirika la Kitaifa la Takwimu, zilionyesha kwamba wanawake hutumia muda karibu mara 5 ya ule wa wanaume katika kazi za nyumbani na ulezi usio na malipo. Lugha yetu inazitofautisha kazi hizo: mtoto hulelewa, mgonjwa huuguzwa, mzee hutunzwa. Kwenye fomu zote zimeingizwa katika kisanduku kimoja, "mlezi", na mbele yake nafasi ya nambari ya kitambulisho. Basi.

Mpango unaomkaribia mlezi zaidi ni ule wa ulemavu mkubwa. Sharti lake ni kwamba mtu awe anahitaji kuangaliwa saa zote. Yaani serikali imekiri kwa maandishi kuwa ndani ya nyumba hiyo yuko mtu mwingine, mzima wa afya, asiyeweza kwenda kibaruani. Imemkiri, haijamlipa. Ukilielewa hilo, majibu mengi yanayofuata hayatakushangaza.

3. Ni kiasi gani, na hulipwa lini?

Shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mnufaika, katika mipango yote mitatu. Kwa miaka mingi desturi imekuwa kulipa miezi miwili kwa pamoja, shilingi 4,000. Kwenye karatasi. Hali halisi ni kwamba miezi hurundikana, halafu siku moja unasikia redioni kwamba zimetoka. Usikope dukani kwa kutegemea tarehe. Muuza duka naye amekwisha kujua, na ndiyo maana anakuuliza kwanza kama umesikia habari.

4. Nani anastahili?

Kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa: awe hawezi kujihudumia, anategemea mtu mwingine kwa kula, kuoga au kujisaidia, na nyumba iwe ya watu wasiojiweza. Umri si kikwazo, mtoto na mtu mzima wote huingia. Mtindio wa ubongo, ulemavu wa akili na usonji vimo. Wazazi wengi hudhani lazima mtu awe hatembei.

Kwa watoto: nyumba maskini yenye yatima au mtoto aliye katika hali ngumu, chini ya miaka 18. Mtoto si lazima awe amefiwa na wazazi wote wawili. Mzazi aliye hai lakini ni mgonjwa wa muda mrefu, asiyeweza kutafuta, anahesabiwa.

Kwa wazee: miaka 70 na kuendelea, asiye na pensheni.

Katika yote, mwenye mshahara au pensheni ya serikali hapewi, na nyumba inayopokea kupitia mlango mmoja kwa kawaida haiandikwi kupitia wa pili (kuna mkanganyiko hapo, tazama swali la 21).

5. Mama ana miaka 66 na hajiwezi kabisa. Mbona chifu amemkataa?

Mpango wa wazee ulipoanza, umri ulikuwa miaka 65, na aliyepewa alikuwa mzee maskini tu. Mwaka 2018 mlango ulipanuliwa kwa kila mzee asiye na pensheni bila kujali umaskini wake, lakini umri ukapandishwa hadi 70. Mama yako ameangukia katikati.

Lakini soma tena swali lako: umesema hajiwezi kabisa. Huo si mlango wa wazee tena, ni wa ulemavu mkubwa. Mtu aliyepooza kwa kiharusi hana haja ya kungoja miaka minne. Mpeleke kwanza akapimwe (swali la 7), kisha urudi kwa chifu ukiwa na karatasi nyingine.

Na uangalie kitambulisho chake vizuri. Wazee wetu wengi walizaliwa mwaka wa njaa fulani au wa mafuriko fulani, na karani akakisia. Kurekebisha umri kwenye kitambulisho kunawezekana lakini ni safari ndefu yenye ushahidi na viapo. Ianze tu kama tofauti ni kubwa.

### Kujiandikisha

6. Naanzia wapi?

Kwa mzee wa mtaa au wa kijiji, kisha naibu wa chifu. Wao ndio wanaojua ni lini uandikishaji unafunguliwa, na majina hupitia kwao kabla ya kufika kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Beba kitambulisho chako, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa cha unayemlea, na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Hiyo ya simu imewaangusha wengi: laini ilinunuliwa na kijana wa jirani, jina ni lake, na siku ya kuhakikiwa hakuna kinacholingana.

Baada ya maafisa kuzungukia nyumba, majina husomwa barazani ili watu waseme kama fulani anastahili au la. Nenda siku hiyo, hata kama ni kumwachia mtu mgonjwa kwa saa moja. Asiyekuwepo huzungumziwa, na si kila mara kwa wema. Walezi ndio wanaokosa mabaraza kuliko watu wote, kwa sababu hawana wa kumwachia. Nimeona mama aliyemfungia mgongoni mwanawe wa miaka 14 na kumbeba hadi barazani. Hakuna aliyeuliza swali lingine siku hiyo.

7. Kadi ya ulemavu ni lazima? Inapatikanaje?

Chukua ukweli huu: hata kama afisa wa mtaani hakukudai, ipate. Ndiyo funguo ya milango mingine yote, na kwa mtazamo wangu ina thamani kuliko hizo 2,000.

Mgonjwa hupimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali, wanajaza ripoti inayosema ni ulemavu gani na wa kiwango gani, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linamsajili. Jopo haliketi kila siku. Uliza siku kabla ya kukodi gari, hasa kama mgonjwa ni wa kubebwa. Daktari akiuliza "anaweza kula mwenyewe?", usijibu kwa heshima ya mgonjwa. Watu wetu wana aibu ya kumvunjia mzee hadhi mbele ya wageni, wanasema "anajaribu, anajaribu". Ripoti ikiandikwa kwamba anajaribu, ulemavu mkubwa umekwisha kuwa wa wastani. Sema anavyokula siku mbaya.

Baraza hilo hilo lina mfuko wa kutoa viti vya magurudumu na vifaa vingine, pamoja na msaada wa karo. Kiti huchelewa, lakini hakipandi bei ukiwa kwenye foleni.

8. Mtoto ninayemlea hana cheti cha kuzaliwa, na mamake aliondoka.

Anza na cheti, usianze na fomu ya pesa. Barua ya naibu wa chifu, kadi ya kliniki na wewe mwenyewe vinatosha kuanzisha usajili wa kuchelewa. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo inaweza kukuandikia barua kuwa mtoto yuko mikononi mwako. Barua hiyo itakufaa pia shuleni na hospitalini. Kama mtoto yumo hatarini, laini ya watoto ni 116, haina malipo.

9. Tuliandikishwa zamani, wenzetu wanalipwa, sisi kimya.

Kuandikishwa si kuingizwa. Serikali huandika majina mengi kuliko bajeti, kisha huyaweka kwenye rejista moja ya kitaifa na kuwaita watu kadiri fedha zinavyotengwa bungeni. Jina linaweza kukaa humo kwa miaka. Mwaka 2023 uandikishaji mkubwa ulifanywa ili kuongeza walengwa na kujaza nafasi za waliofariki. Wengi walioandikwa wakati huo ndio wanaouliza swali hili.

Unachoweza kufanya ni kumwomba afisa wa kaunti ndogo akuangalizie kama jina liko kwenye rejista na kama taarifa zake zinalingana na kitambulisho. Herufi moja ya jina ikikosewa huweza kukuweka nje bila mtu kukuambia. Ukikataliwa kabisa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi; iko kwenye Kifungu cha 47 cha Katiba, na Ofisi ya Ombudsman hupokea malalamiko ya namna hiyo bila malipo.

10. Kuna mtu anadai "chai" ili jina lipite.

Kuandikishwa ni bure kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna ada ya fomu, ya picha wala ya "kusukuma faili Nairobi". Anayedai, mara nyingi hana uwezo wa kupitisha wala kuzuia jina. Anajua tu orodha imeshatoka na wewe hujaiona. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kaunti ndogo au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Jirani akikushauri utoe tu yaishe, muulize yeye alitoa mara ngapi.

### Uchumi ukibana

11. Bei zimepanda zote. Je, hizi 2,000 nazo zimepanda?

Hazijapanda. Mpango wa watoto ulikuwa ukilipa shilingi 1,500, ukafikishwa 2,000 mapema katika miaka ya 2010, na hapo ndipo kiwango kilipokaa. Hakuna sheria inayosema kiongezwe bei zikipanda.

Fikiria kilichopita tangu hapo. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Julai mwaka huo unga wa mahindi wa kilo 2 ulikuwa umepita shilingi 200, hata serikali ikaushusha hadi 100 kwa ruzuku iliyodumu wiki chache tu kuzunguka uchaguzi. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutoza hata mkate asilimia 16. Vijana wakaingia barabarani na ukaondolewa mwezi Juni.

Gawanya 2,000 kwa siku 30: ni shilingi 66 na senti kadhaa. Nyumba yenye mgonjwa hainunui unga pekee. Inanunua nepi za mtu mzima, sabuni nyingi kuliko jirani, makaa ya kuchemshia maji, na nauli ya kliniki ambayo mara nyingi ni ya watu wawili kwa sababu mmoja hambebi mwingine. Nepi mbili kwa siku zinamaliza zile 66 kabla hujapika. Mgonjwa hawezi kusaidia kubana matumizi. Mtu mzima ataruka chakula cha mchana. Vidonda vya mgongo haviruki kusafishwa.

Kiwango kinaweza kuongezwa, si jambo lisilowezekana. Zanzibar wameongeza cha kwao (swali la 22).

12. Mbona wa kaskazini wanapewa zaidi?

Mpango wao ni tofauti, wa kupambana na njaa, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Kiwango chao kimekuwa shilingi 5,400 kwa miezi miwili, yaani 2,700 kwa mwezi. Tofauti ya 700 ndiyo watu huizungumzia, lakini kwangu mimi kinachofaa kuangaliwa ni kingine.

Huko, ukame ukizidi, malipo hupanuka yenyewe. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutazama picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya majani na malisho. Kipimo kikishuka chini ya kiwango fulani, familia nyingine ambazo si za kila mwezi huingizwa kwa dharura. Watu waliandikishwa mapema, akaunti ziko tayari, kinachongojewa ni kipimo tu. Kwa hiyo ujuzi wa kufanya msaada ukue wakati wa shida tunao hapa hapa nchini. Tumeupa ukame. Bei ya unga ikipanda maradufu mjini Mombasa au Kisumu, hakuna kipimo kinachogonga kengele.

13. Wakati wa korona zilitangazwa bilioni 10. Zilitufikia?

Machi 25, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nyongeza ya shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wasiojiweza. Waliokuwa tayari kwenye Inua Jamii walilipwa shilingi 8,000 kwa mkupuo mwezi wa Aprili. Watu walishangilia, na haki yao, lakini hesabu ni hii: 8,000 ni miezi minne ya 2,000, Januari hadi Aprili. Zilikuja kwa pamoja, hazikuwa zaidi. Ulikuwa msaada wa kweli kwa sababu pesa taslimu wakati soko limefungwa ni uhai. Nyongeza ya kiwango haikuwa.

Kando na hizo kulikuwa na malipo ya shilingi 1,000 kwa wiki yaliyotumwa kwa simu kwa baadhi ya familia, hasa mijini. Yalidumu miezi michache. Vigezo havikutangazwa waziwazi, na mlezi asiyeweza kutoka nje hakuwepo orodha ilipoandikwa. Kazi Mtaani nayo ilikuwa ya vijana wa kufagia na kuzibua mitaro. Mwenye mgonjwa ndani hakuweza kuiendea. Nafuu za kodi za wakati huo, kama kuondolewa kodi kwa mshahara usiozidi 24,000, zilimfaa mwenye mshahara. Ziliondolewa Januari 2021.

14. Nimeachishwa kazi na sasa ndiye ninayemuuguza baba. Kuna msaada?

Kenya haina malipo ya mtu aliyepoteza kazi. Ulicho nacho ni haki zako kwa mwajiri: ukipunguzwa kwa sababu ya hali ya biashara, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa notisi ya mwezi mmoja na fidia isiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi, pamoja na siku za likizo usizochukua. Dai hizo kabla ya kusaini karatasi yoyote inayosema "sina dai tena". NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, hairuhusu kuchukua akiba kwa sababu ya kukosa kazi; ni miaka 60, au 50 kwa anayestaafu mapema.

Kwa baba, rudi swali la 4. Kukosa kwako kazi hakumfanyi yeye astahili, lakini kunabadilisha hali ya nyumba nzima, na hilo ndilo linaloandikwa afisa anapokuja.

15. Bado nina kazi. Naweza kuomba likizo ya kumtunza mgonjwa?

Sheria ina likizo ya uzazi ya miezi mitatu, ya baba ya wiki mbili, ya ugonjwa wako mwenyewe, na ya mwaka isiyopungua siku 21. Ya kuuguza mtu wa nyumbani haimo. Waajiri wengine huitoa kwa mkataba au kwa ubinadamu. Wengi hapa hugawanya zile 21 vipande vipande, kliniki kwa kliniki, na Desemba hawana hata moja.

16. Mtu mwenye ulemavu anayefanya kazi hulipa kodi?

Akiwa amesajiliwa na Baraza na kupata cheti cha KRA (mamlaka ya ushuru), shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wake kwa mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Cheti hufanywa upya baada ya muda. Nafuu hii ni yake yeye.

17. Nikijiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, mama yangu anahesabika?

La, na wengi wanagundua wakiwa mlangoni mwa hospitali. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, nyumba inayohesabiwa ni wewe, mwenzi wako na watoto. Mzazi ni nyumba yake mwenyewe, hata mkilala chumba kimoja. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu paa, choo na chombo cha kupikia, kisha hupangiwa kiasi, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kukilipa kwa mwaka mzima. Kwa mzee anayeishi kwa 2,000, uliza kwa afisa wa jamii kama anaweza kuingizwa miongoni mwa wanaolipiwa na serikali. Yajibu yale maswali kwa hali ya mama, usiyajibu kwa hali ya nyumba ya mwanawe aliyemchukua.

### Malipo yenyewe

18. Pesa zimetangazwa lakini hazijaingia.

Njia ya kulipa imebadilishwa zaidi ya mara moja: Posta, kisha benki na mawakala wao, kisha simu. Kila mabadiliko huacha watu nyuma. Uliza kwanza jina lako sasa liko njia ipi, usiende kupanga foleni kwenye njia ya zamani. Sababu za kawaida ni laini iliyozimwa, jina lisilolingana, alama za vidole zilizofutika kwa kazi za mikono, au akaunti iliyokaa muda mrefu bila kuguswa na pesa zikarudishwa. Ukiitwa kuhakikiwa kwamba mnufaika yu hai, usipuuze. Kutokwenda huhesabiwa kama amefariki. Kama mgonjwa habebeki, mwambie chifu mapema ili maafisa waje nyumbani.

19. Dada aliyekuwa mlezi amefariki. Nani atapokea?

Familia ikae, imchague mwingine, iende kwa afisa wa kaunti ndogo na cheti cha kifo au barua ya chifu, kitambulisho cha mlezi mpya na cha mnufaika. Msiendelee kutumia kadi au laini ya marehemu "hadi mambo yatulie". Ikigundulika, malipo husimamishwa, na kuyafufua kunachukua miezi mingi kuliko kubadilisha jina.

Mnufaika mwenyewe akifariki, ripoti. Nafasi yake ndiyo inayongojewa na wa swali la 9.

20. Mlezi anakula pesa na mgonjwa ananuka.

Hutokea, na pia husingiziwa. Mlezi aliyenunua kitenge kimoja kwa mwaka huambiwa amekula pesa za mlemavu, ilhali aliyesema hajawahi kumwosha mgonjwa hata siku moja. Pita uone mwenyewe kabla ya kusema. Ukiona kweli kuna dhuluma, kamati ya wanufaika ya eneo na afisa wa jamii wana uwezo wa kumbadilisha mlezi.

### Hali za pembeni

21. Nina miaka 72 na ninalea wajukuu wanne mayatima. Nichague mlango upi?

Huu ndio mkanganyiko niliougusia. Malipo ya mzee ni ya mtu binafsi, ya watoto ni ya nyumba. Kanuni ya kutopokea mara mbili hutumiwa tofauti na maafisa tofauti. Ushauri wangu: kama wajukuu ni wadogo, usiache kueleza hali yote mbele ya afisa, akiwa ameandika kuwa mna mayatima wanne, hata ukiingia kwa mlango wa wazee. Mzee akifariki, malipo yake hukoma; yaliyoandikwa kwa jina la watoto huhamia kwa mlezi mwingine. Katika baadhi ya kaunti, Kitui na Kilifi zikiwemo, kumekuwa pia na nyongeza ya lishe kwa nyumba zenye mjamzito au mtoto mdogo sana. Uliza.

22. Tanzania wana nini?

Bara kuna mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF (mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii), ambao hulipa ruzuku kwa kaya, haumlipi mlezi. Kuna pia kitu tusichokuwa nacho Kenya: tangu sheria ya 2018, mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii aliyepoteza ajira anaweza kudai fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, akitimiza masharti ya michango.

Zanzibar ina pensheni jamii tangu Aprili 2016, kwa kila mzee wa miaka 70, maskini na tajiri. Ilianza kwa shilingi 20,000 za Tanzania, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000.

23. Niko Uingereza, namtunza mama aliye Malindi kwa kumtumia pesa kila mwezi. Naweza kudai Carer's Allowance, posho ya mlezi ya huku?

Huwezi. Posho hiyo, pauni 83.30 kwa wiki katika mwaka wa 2025/26, ni ya anayemhudumia mtu kwa saa 35 kwa wiki, na mtu huyo lazima awe anapokea posho ya ulemavu ya huko huko. Pesa za kutuma hazihesabiwi kuwa ulezi. Wengi wenu pia viza zenu zinakataza kudai msaada wa serikali. Angalia kabla ya kujaza chochote.

Ila kama unamhudumia mume au mtoto mliye naye huko, uliza. Ukifanya kazi, kuna kikomo cha mapato (pauni 196 kwa wiki katika mwaka huo wa 2025/26), na ukikipita hata kwa pauni moja unapoteza posho yote ya wiki hiyo, na baadaye utadaiwa urudishe. Mwaka 2022 maisha yalipopanda, serikali yao iligawa pauni 650 kwa wenye misaada ya wasiojiweza na pauni 150 kwa wenye ulemavu. Mlezi aliyekuwa na Carer's Allowance peke yake hakuwamo katika lolote kati ya hayo mawili.

24. Mgonjwa wangu amepona kiasi, sasa anatembea na fimbo. Niseme?

Sema. Atahakikiwa upya, na huenda akatolewa. Lakini kadi ya ulemavu haifutiki kwa sababu ya fimbo, na milango ya swali la 7 na la 16 inabaki wazi. Kama ameanza kutafuta kazi, basi hiyo ya 16 ndiyo ya kwanza kufuatilia.